Siku nne Dar na watoto watatu na bibi yao: naombeni mnisaidie kupanga

Baba Watatu

Wakuu salaam, na shikamooni wakubwa mliomo humu.

Tunaishi Dodoma. Juni hii shule zikifungwa nataka kuipeleka familia Dar es Salaam, kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili. Tutakuwa mimi, mke wangu, watoto wa miaka 11, 7 na 3, pamoja na mama mkwe wangu. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua, na maisha yake yote hajawahi kuiona bahari. Watoto nao wanaijua ya kwenye simu tu. Kwa hiyo safari hii nimeiwekea moyo.

Usafiri nimeshaamua, ni treni ya SGR. Nauli ya kawaida Dodoma hadi Dar ni 31,000, mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu, na huyu mdogo halipi. Jumla yetu ni 124,000 kwenda, 248,000 kwenda na kurudi. Hapo sina swali.

Ratiba niliyoiandika ni hii:

Alhamisi: kufika, kupumzika, jioni Coco Beach kula mihogo.
Ijumaa: boti ya asubuhi Zanzibar, kuzunguka Mji Mkongwe, kurudi jioni.
Jumamosi: asubuhi kisiwa cha Mbudya, mchana Kariakoo, mke wangu ana vitu vyake vya kununua.
Jumapili: asubuhi Bagamoyo, mchana kurudi kuwahi treni.

Malazi bado. Jamaa mmoja ananiambia nilale Kariakoo kwa sababu bei ni nafuu, mwingine anasema Kigamboni. Naombeni ushauri, hasa kwa wenye watoto. Natanguliza shukrani.

Mama wa Sinza

Karibuni sana Dar, kaka. Ila kwa ratiba hiyo bibi atarudi Dodoma anakumbuka viti vya boti na viti vya gari tu. Zanzibar kwenda na kurudi siku moja, kesho yake kisiwani, kesho kutwa Bagamoyo, na wewe una mtoto wa miaka 3? Punguza nusu. Kweli kabisa, nusu.

Mkazi wa Kunduchi

Mleta uzi, nimezaliwa huku na nimelea watoto huku, naomba unisome mpaka mwisho.

Dar usiipange kwa orodha ya vivutio, ipange kwa pande. Jiji hili limekaa kwa urefu, linafuata pwani. Katikati una Posta, Kivukoni, Kariakoo, Stesheni na bandari. Ukiishika barabara ya Bagamoyo kwenda kaskazini, upande wa bahari unakutana na Msasani, Kawe, Mbezi Beach, Kunduchi, halafu Bahari Beach. Ukivuka mlango wa bandari uko Kigamboni. Kila upande una bahari yake na shughuli zake, na mgeni anapoteza siku nzima si kwa kukaa mahali bali kwa kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kunduchi mpaka Kariakoo ni kilomita ishirini na kitu. Alfajiri unafika upesi tu. Jumamosi mchana, kwa foleni za barabara hiyo, hakuna anayeweza kukuahidi muda. Kwa hiyo Mbudya asubuhi na Kariakoo mchana ifute. Siku moja, upande mmoja. Ukishika hilo peke yake, nusu ya matatizo yako yameisha.

La pili ni maji, na hapa ndipo watu wa bara wanapoumia. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Toka kujaa mpaka kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika hamsini. Kuna siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Kuna siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti inakuwa ndogo.

Kwa hapa Dar siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Sasa fikiria umewaamsha watoto mapema, umewafikisha ufukweni saa nne asubuhi, wanakuta bahari imerudi nyuma huko. Ngalawa zimelala ubavu, mchanga una mikunjo na vidimbwi, majani ya baharini yameanikwa na jua, na ili mtu alowe magoti itabidi atembee haswa. Mtu wa Dodoma atauliza, bahari yenyewe iko wapi? Saa kumi jioni pale pale maji yamegonga ukuta wa hoteli.

Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo yanageuka: kujaa ni mnamo saa nne asubuhi, na hata yakikupwa hayaendi mbali.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi angalia kalenda ya mwezi. Kama tarehe umeshazifunga, basi panga saa zako kwa kufuata maji.

Baba Watatu

Mkazi wa Kunduchi, hili la maji hakuna aliyewahi kuniambia. Nimeangalia, tarehe zetu zinaangukia siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu. Ina maana ni bamvua?

Mkazi wa Kunduchi

Ndiyo, tena bamvua lenyewe mara nyingi linakolea siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, halipo siku ile ile. Ijumaa yako hesabu maji yatakupwa kati ya saa nne na saa sita mchana, kisha yataanza kupanda. Siyo mabaya hata kidogo. Asubuhi watoto watatembea mwambani kuona kaa na viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, kwenye vidimbwi, na alasiri wataoga maji yakiwa yamekuja yenyewe. Ila wavae viatu, raba za zamani zinatosha. Kwenye mawe kuna wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi, mwiba wao ukiingia mguuni likizo imeharibika. Na viti vya pweza mwambie mkubwa aviangalie tu, asivibebe kwenda navyo hotelini, vinakufa.

Saa kamili za siku hiyo utazipata kwenye jedwali la maji la bandari ya Dar, lipo mtandaoni. Au muulize mvuvi yeyote, yeye anazijua bila karatasi.

Mpenda Visiwani

Mimi natofautiana na wanaosema Zanzibar ifutwe. Stesheni ya SGR na boti za Zanzibar ziko jirani kabisa, bajaji inakufikisha kwa muda mfupi. Watu wanashuka treni na wanapanda boti siku hiyo hiyo. Kama mama hajawahi kuona bahari, kuna kitu gani kikubwa kuliko kuivuka? Na Forodhani jioni watoto watakula mpaka washindwe.

Ila nakubali kwenda na kurudi siku moja hapana. Aende Alhamisi moja kwa moja, alale usiku mbili, Jumamosi arudi Dar.

Mama wa Sinza

Mpenda Visiwani, hoja yako ni nzuri kwa vijana wawili waliooana juzi. Hapa tunaongelea Juni, na Juni ni kusi. Upepo unatoka kusini, Zanzibar iko kaskazini mwa Dar. Kwenda unasukumwa, watu wanacheka na kupiga picha. Kurudi boti inalikabili wimbi uso kwa uso, karibu saa mbili. Nimeona familia nzima imeshika mifuko ya kutapikia, mpaka mama hawezi kumsaidia mtoto wake. Unampeleka bibi wa miaka 68 kwenye hali hiyo ndiyo iwe mara yake ya kwanza baharini?

Zanzibar inataka siku zake. Baba Watatu aiwekee akiba, aende Desemba au Januari upepo ukiwa umegeuka kaskazi, akae angalau usiku nne.

Mpenda Visiwani

Kwa upande wa kusi umenishinda, dada. Nimesafiri Julai najua unachokisema. Nafuta pendekezo la mwezi huu, lakini Desemba namsubiri.

Kigamboni Kwetu

Mjadala mzima watu wanataja kaskazini tu. Mkuu, njoo Kigamboni. Fukwe za Mjimwema na kuendelea kusini mchanga wake ni mweupe, hakuna msongamano, na bei za vyumba zinaongeleka. Kufika kuna njia mbili: Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016 kupitia Kurasini, au pantoni pale Magogoni.

Na nikuambie kuhusu pantoni. Mtu wa Dar anaiona ni usumbufu wa kwenda kazini. Kwa mgeni ni safari ya bahari ya bei rahisi sana, mtembea kwa miguu anavuka kwa shilingi 200. Ndani ya dakika chache watoto wanaona meli kubwa za makontena zinaingia bandarini, zinapita pale pale kwenye mlango mwembamba, juu kama ghorofa. Kuna wavuvi wa soko la Feri, na upande wa jiji minara ya makanisa ya Azania Front na Mtakatifu Joseph ambayo Wajerumani waliijenga zaidi ya miaka mia iliyopita. Bibi mtafutie benchi, asisimame. Epukeni asubuhi ya siku za kazi na saa kumi na moja jioni, maana ule msukumano wa kuingia haufai kwa mtoto wala mzee. Jumapili asubuhi kumetulia.

Mwalimu wa Historia

Naongezea hapo kwenye katikati ya jiji, kwa sababu wengi wanapita tu kwenda ufukweni na watoto wa shule wanakosa mengi.

Pale Kivukoni mkitoka kwenye pantoni, tembeeni polepole. Boma la Kale ni la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid alipoanza kujenga mji wake kando ya kijiji cha Mzizima. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, mtoto anaweza kuzigusa. Kisha nendeni Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Ilifunguliwa 1940. Huyu wa miaka 11 ameshasikia darasani habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Oldupai 1959, hapo ndipo kwao. Kuna magari yaliyotumiwa na viongozi wa nchi, wavulana na wasichana wote wanasimama hapo muda mrefu. Na kuna kumbukumbu ya waliouawa kwenye shambulio la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998. Kwa hilo mtu mzima awe karibu, mtoto atauliza maswali na anastahili kujibiwa.

Kama mkilala upande wa kaskazini, Kijiji cha Makumbusho kipo njiani barabara ya Bagamoyo. Mna nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi. Bibi ndiye atakuwa mwalimu hapo, mwacheni aeleze tembe la Kigogo lilivyokuwa linakaliwa. Wazee wetu wakiona nyumba waliyokulia wanafunguka kwa namna ambayo hakuna mwongoza wageni atakayeifikia.

Bagamoyo naipenda kuliko maelezo, ila haiwezi kupewa asubuhi ya siku ya kurudi. Ni kilomita 70 hivi, ina Kaole na misikiti yake ya kale, ina Misheni ya 1868, ina boma. Ukiigusa juu juu na treni inakusubiri mchana, moyo wako wote utakuwa kwenye saa.

Baba Watatu

Wakuu mmenifungua macho. Zanzibar na Bagamoyo nimezitoa. Sasa malazi. Vyumba viwili, kimoja mimi na mke wangu na mdogo, kingine bibi na wakubwa wawili. Na je, Mbudya bibi aende au abaki?

Dada wa Upanga

Kwenye malazi naomba nikupe tahadhari. Mwaka jana tulikodi nyumba ya wageni, jina siliweki hapa, picha mtandaoni zinaonyesha mchanga mweupe na minazi. Tumefika, huo ufukwe wao ni mikoko na tope jeusi, na kwenda kwenye mchanga wa kweli ni bodaboda. Hela tumeshalipa. Tangu hapo nikitaka chumba namwomba mwenyeji anirekodie video siku hiyo hiyo, aanzie mlangoni mwa chumba atembee mpaka kwenye maji bila kukata. Mwenye eneo zuri anafanya kwa furaha. Anayeanza kusema mtandao mbovu, achana naye.

Uliza pia mambo haya: chandarua kipo? Maana nyie wa Dodoma hamjazoea mbu wa huku, na malaria ya Dar ipo. Kuna jenereta umeme ukikatika? Chumba cha bibi kiko chini au kuna ngazi? Bafuni kuna pa kushika? Hilo la ngazi watu husahau, na mwenye magoti ndiye anayepanda na kushuka mara nyingi kuliko wote kwa sababu ya choo na kupumzika.

Kariakoo usilale na watoto. Bei ni nafuu kweli, lakini usiku magari ya mizigo yanashusha, asubuhi mapema biashara imeanza, na kutoka na mtoto wa miaka 3 mkononi kwenye ule umati ni kazi. Kariakoo ni ya mke wako kwenda na shoga yake au na wewe, watoto wamebaki na bibi.

Nahodha wa Zamani

Nimefanya kazi ya boti za visiwani kwa muda mrefu, upande wa Msasani na upande wa Kunduchi. Naomba nijibu la bibi na Mbudya.

Visiwa vinavyofaa familia ni viwili. Bongoyo boti zake huondokea Msasani, pale Slipway, na mwendo wake ni mrefu kidogo. Mbudya boti huondokea Kunduchi, mwendo ni mfupi zaidi. Vyote ni hifadhi za bahari tangu 1975, kuna ada ya serikali ya kuingia mbali na nauli ya boti. Mtanzania analipa kiwango chake, beba kitambulisho. Dai risiti ya ada hiyo, usimpe mtu mkononi.

Mbudya kuna mibuyu, kuna vibanda vya makuti vya kukodi, kuna samaki wa kukaanga na chipsi. Agiza samaki mara tu unapofika kwa sababu wanaanza kumwandaa ukishaagiza. Muone kwanza akiwa mbichi, mpatane bei kabisa kabla hajaingia kwenye mafuta.

Bibi anaweza kwenda, ila kwa masharti. Boti haina gati pale Kunduchi. Maji yakiwa yamekupwa utatembea ndani ya maji kuifuata, chini kuna majani na mawe yanayoteleza, halafu unapanda kwa kujivuta. Mwenye magoti mabovu hapo ndipo anapoanguka. Maji yakianza kujaa boti inasogea karibu zaidi na mchanga. Kwa siku yenu mimi ningeondoka mnamo saa nane, maji yakiwa yanapanda, kurudi mnamo saa kumi na nusu, maji yakiwa yamekaribia kujaa. Mwambie nahodha mapema kwamba kuna mama mzee, watakuletea boti yenye ngazi na vijana wawili wa kumshika. Usione haya kuomba.

Na sasa sikiliza kwa makini. Jaketi la kuokolea ni la kila mtu, na la mtoto ni la saizi ya mtoto. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka 3 ni hatari, likiwa majini linapanda juu na yeye anachomoka chini. Livae kabla boti haijaondoka, siyo limelundikwa chini ya kiti. Hesabu watu. Ukiona wanaendelea kuingiza abiria mpaka ukingo wa boti umekaribia maji, shuka na familia yako, hata kama umeshalipa. Kusi ikichafuka mchana nahodha mwenye akili atakuambia leo haiwezekani. Huyo ndiye wa kurudi kwake kesho. Anayekuambia twende tu hakuna shida, na bahari yote nyeupe kwa povu, mkimbie.

Mama wa Sinza

Nahodha Mungu akubariki. Na Coco Beach mseme, maana naona ipo kwenye ratiba.

Nahodha wa Zamani

Coco nenda, kula mihogo, kunywa dafu, watoto wakimbie kwenye mchanga. Kuoga hapana. Pale kuna mwamba na kuna mkondo unaovuta, na vijana wanaojua kuogelea wamefia pale. Watoto wenu wamezoea maji ya kwenye ndoo, hawana namna ya kujua bahari inavyovuta miguu wimbi linaporudi. Popote watakapooga, mtu mzima mmoja awe ndani ya maji pamoja nao, umbali wa mkono, simu ameiacha nchi kavu. Mtu mmoja kwa mtoto mmoja. Mnazo jozi za kutosha, wewe na mke wako, na huyo mdogo akae na bibi kwenye maji ya vifundoni.

Mkazi wa Kunduchi

Naunga mkono kila neno. Na mimi naongezea chakula, kwa kuwa hapo mtu wa bara anapigwa bei.

Soko la samaki la Feri mwende asubuhi, siku mtakayokuwa katikati ya jiji. Kuna mnada, samaki wanamwagwa sakafuni kwa mafungu, dalali anaimba bei haraka mpaka mgeni haelewi. Usinunue mnadani, simama pembeni uone. Changu, tasi, kolekole, nguru, vibua, pweza wamekunjwa kama vitambaa vilivyolowa. Ukitaka kula, nenda upande wa wakaangaji, chagua wako, watakuparia na kukukaangia hapo hapo. Kumwangalia samaki: jicho lake liwe ang'avu limejaa, shavu la ndani liwe jekundu. Jicho likizama, usimguse. Sakafu inateleza sana, bibi akae kwenye gari au kwenye kibanda cha chai, msimpitishe mnadani.

Watoto waonjeshe pia mihogo ya nazi na samaki wa kupaka. Na kama mkilala huku kwetu, vitumbua vya moto asubuhi mitaani havikosekani.

Kingine, maji ya kunywa. Juni Dar siyo ya kuunguza kama Februari, lakini kuna unyevunyevu ambao Dodoma hamna, mtu anatoka jasho hajui. Kisiwani hakuna bomba. Bebeni maji ya kutosha, kofia, na fulana za mikono mirefu za kuogea. Mgongo wa mtoto unaungua na jua la baharini hata kukiwa na mawingu.

Baba Watatu

Nimekaa na mke wangu na mama jana usiku, tumewasoma wote kwa sauti. Tumefika hapa, mnikosoe:

Alhamisi tunafika, taksi moja kwa moja mpaka Kunduchi. Video ya chumba nimeomba na nimetumiwa, ni vyumba viwili vya chini, mlango unaangalia maji, chandarua kipo. Jioni hakuna kutoka. Kwa hesabu zenu maji yatakuwa yamejaa tukifika, mama ataiona bahari akiwa amekaa kwenye kiti.

Ijumaa asubuhi watoto mwambani na raba, mchana kulala, alasiri kuoga hapo hapo. Hakuna kwenda popote.

Jumamosi Mbudya kuanzia mchana, na kwa kuwa saa zinasogea tutamuuliza nahodha aturekebishie. Mama ameshasema anaenda, hataki kubaki. Usiku wa mwisho tunalala Upanga, tunahama jioni tukitoka kisiwani.

Jumapili asubuhi pantoni kwenda na kurudi, Feri kwa nje, Makumbusho ya Taifa, halafu Stesheni. Kariakoo mke wangu ameamua mwenyewe kuiacha, orodha yake amempa mdogo wake anayeishi Tabata, atatuletea Stesheni.

Dada wa Upanga

Nzuri sana. Rekebisha kitu kimoja. Kuhama Jumamosi jioni baada ya kisiwani, watu wamechoka, wana chumvi mwilini, mtoto analia, halafu mmeingia kwenye foleni ya kwenda mjini? Laleni huko huko Kunduchi usiku wa tatu. Jumapili mtoke mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi barabara ni nyeupe. Mizigo ombeni hoteli yoyote mtakayopata chai asubuhi wawawekee, wapo wanaokubali kwa ada ndogo. Utaokoa pia usumbufu wa kufungua na kufunga mabegi mara mbili.

Kigamboni Kwetu

Naunga mkono. Na Stesheni mfike mapema. Kuna ukaguzi wa mizigo na vitambulisho kabla ya kupanda juu, na kwa mwendo wa bibi mnahitaji muda wa ziada. Jumapili treni za kurudi zinajaa kwa sababu ya wanaowahi kazini Jumatatu, kwa hiyo tiketi za kurudi kata siku moja na za kwenda. Usisubiri uje ukate Dar.

Baba Watatu

Nimebadilisha, usiku zote tatu Kunduchi. Tiketi zote nakata leo. Swali la mwisho kabla sijalipia, linatoka kwa huyu wa miaka 7: akae upande gani wa treni?

Mwalimu wa Historia

Mwambie kutoka Dodoma akae kulia. Asubiri mahandaki ya Kilosa, treni inaingia mlimani giza linawafunika, inatoka, inaingia tena. Mkishafika Morogoro milima ya Uluguru inasimama upande wake huo wa kulia kwa muda mrefu. Kama mfumo wa tiketi utakupa nafasi ya kuchagua viti, mpe dirisha yeye na dirisha lingine mama. Wewe kaa katikati.

Baba Watatu

Nimelipia. Viti vitano, madirisha mawili upande wa kulia.